Kapu la Simu Mlangoni

Ukipanda ngazi za jengo lile, lililobanwa kati ya duka la rangi na ofisi ya wakili, kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa kapu. Lilikaa juu ya stuli mlangoni mwa kliniki ya meno, kapu pana la kusukwa lenye mshipi uliofungwa kitambaa chekundu, na nyuma yake alisimama mwanamke mwenye koti jeupe na uso usiojua masihara.

"Simu," angekuambia. Hakukuwa na karibu wala pole na maumivu.

Ukitoa, ataizima mwenyewe mbele ya macho yako. Ukisema huna, atakuangalia mpaka uikumbuke. Mwenye gereji mmoja wa mtaani, mjanja wa kuzaliwa, alitoa simu mbovu akaitumbukiza kapuni na ile nzima akaificha ndani ya soksi. Ikalia yuko kitini mdomo wazi. Yule mama akamvua kiatu kama anayemvua mtoto, akaitoa simu, akamvisha tena kiatu na kumfunga kamba. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Kapu. Mbele yake tulimwita sista.

Mimi nilikuwa na duka la madaftari upande wa pili wa barabara, na meno yangu yameniasi tangu ujana, kwa hiyo kiti kile nakijua vizuri. Haya mengine amenisimulia mwenyewe baada ya kuacha kazi, tukiwa tumekaa dukani kwangu, na mimi si mtu wa kupiga chuku.

Aliingia pale kliniki kama mtu wa usafi. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mbali, akaipata, akapata na mke wa pili huko huko, ikawa ndiyo basi. Yeye akabaki na binti wawili na ufagio. Daktari alimwona anavyopanga vyombo baada ya kuvifuta, kila kimoja kikielekea upande ambao mkono wa kulia ungekitaka, akamwambia aache ufagio. Akamfundisha kuchemsha vyombo, kuchanganya dawa ya kuziba, kushika mrija wa kunyonya mate. Binti zake walisoma na wakaolewa kutokana na mrija ule.

Daktari mwenyewe mtaa mzima ulimwita Ganzi, kwa sababu ya swali lake lisiloisha: "Ganzi imeingia? Ganzi imeingia?" Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba, na kitu kimoja tu cha kujivunia. Alijivunia kwamba anatibu mizizi ya meno kwa sikio.

Hapo inabidi nieleze. Jino likioza mpaka kwenye neva, daktari hupitisha sindano nyembamba ndani ya mzizi kuusafisha, na lazima ajue mzizi unaishia wapi. Akiishia njiani, uozo unabaki. Akipitiliza, anachoma nyama ya ndani, na uso unaweza kuvimba vibaya. Ganzi alikuwa na mashine ndogo ya kupima. Waya wake mmoja unaning'inizwa mdomoni kwa ndoano, mwingine unabanwa kwenye sindano, na sindano inavyoteremka mashine inalia: pi, kisha pi, kisha pi-pi-pi, na ikifika mwisho wa mzizi inalia mfululizo bila kupumua. Ilikuwa na kioo cha kuonyesha mistari pia, ila kioo kilikuwa kimefifia zamani. Ganzi hakukijali. Macho yake kwenye jino, sikio lake kwenye mashine, na hakuwahi kupitiliza.

Basi siku moja alikuwa anamtibu mwalimu mmoja wa kike, sindano iko ndani ya mzizi, mara simu ya mwalimu ikalia mkobani, wimbo mzima. Ganzi akasimamisha mkono. Simu ilipokoma akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Imenyamaza," akasema. "Simu imeivuruga mashine."

Halikuwa jambo la ajabu. Hata kijitabu kilichokuja na mashine kilionya kuhusu vyombo vinavyorusha mawimbi, na waliosoma mambo hayo wamebishana mpaka wamechoka kama simu inaweza kuvuruga vifaa vya meno au haiwezi. Ganzi akaamua kwamba inaweza. Akaagiza simu zisiingie ndani, na Mama Kapu akaleta kapu lake la sokoni kutoka nyumbani.

Ila Mama Kapu alikuwa amesimama pale na mrija wake, na alikuwa ameisikia mashine. Haikunyamaza hata kidogo. Ilikuwa inalia mfululizo, kwa sauti ile nyembamba inayopenya utosini, tangu kabla simu haijaanza mpaka baada ya kukoma.

Alidhani masikio yake ndiyo yamemchezea. Wiki iliyofuata ikatokea tena, na safari hii hapakuwa na simu iliyolia. Mashine inapiga kelele, daktari ameinamisha kichwa pembeni anaisubiri. Aliyekuwa kitini amefumba macho, anadhani ndivyo inavyokuwa. Mama Kapu akaelewa. Miaka yote ya kuinamia mlio wa mashine ya kuchimba meno, inchi chache kutoka sikioni, ilikuwa imemnyang'anya daktari sauti nyembamba. Maneno alisikia sawasawa. Mlango ukigongwa alisikia. Redio ya duka la rangi ilimsumbua mpaka akawa anatuma mtu awaambie wapunguze. Kilichomtoroka ni ule mlio mmoja wa mfululizo tu, na mtu hawezi kujua kwamba hasikii kitu asichokisikia.

Angeweza kumwambia palepale. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia, na sauti yangu ilikuwa kali, nakiri, maana mizizi yangu miwili ilipita kwenye mikono ile katika miaka hiyo.

Akanijibu kwa habari za mama yake. Mama yake alianza kuwa kiziwi angali na nguvu zake. Siku watu walipojua, hawakumtukana wala hawakumfukuza. Waliacha tu kumsemesha. Wakija nyumbani wanamsalimu kwa mkono kisha wanageukia wengine. Akiuliza wanachocheka, anaambiwa "hamna kitu, mama." Akafa akiwa mtu wa kuambiwa hamna kitu. "Na mimi nilimwambia hivyohivyo," akasema Mama Kapu. "Mara nyingi tu. Sasa nimwone na daktari anaambiwa hamna kitu? Na wagonjwa wakisikia, nani angekalia kiti kile?"

Kwa hiyo akatunga mchezo wake. Sindano ikiwa inateremka, yeye anasikiliza. Mlio ukianza kukazana anasogea. Ukiwa mfululizo tu, anasema kwa ukali, "Simu hiyo! Usisukume kwanza, daktari." Mkono wa daktari unasimama papo hapo, mahali hasa panapotakiwa. Anatoka, anafokea watu barazani ambao hawana hatia yoyote, anatikisa kapu, anarudi. "Nimeizima. Sasa inalia vizuri, daktari, umefika." Na daktari, aliyekuwa anamwamini kuliko anavyoamini miwani yake, haulizi mbona yeye hajausikia; anasogeza kipete cha mpira kinachoweka alama kwenye sindano, anapima, anaendelea na kazi.

Hakuna aliyedhurika. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, wala simsifu. Sisi ndio tuliokuwa tumelala vinywa wazi, na sisi ndio tuliofokewa. Yupo karani wa wakili aliyekoma kuja kabisa baada ya kuitwa mwongo mbele ya shemeji yake kwa simu ambayo hakuwa nayo. Lakini Ganzi aliendelea kuwa Ganzi, bingwa wa mizizi, na alikuwa akisimulia wageni kwa bidii jinsi simu zinavyovuruga mashine. Kila aliposimulia, Mama Kapu aliangalia sakafu.

Kisha jino likamuuma Mama Kapu mwenyewe.

Lilikuwa jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, moja ya yale yanayotangulia mtu anapocheka. Utotoni aliwahi kuanguka nalo kwenye ngazi, likakaa kimya miaka yote likisubiri zamu yake. Akasukutua maji ya chumvi. Akameza vidonge. Akawa anasalimia watu mdomo umefumbwa, jambo ambalo kwa Mama Kapu hakuna aliyelishangaa. Ila huwezi kumficha daktari wa meno shavu.

"Geuka huku, dada," Ganzi akamwambia asubuhi moja. "Tangu lini?"

"Kidogo tu, daktari. Litapoa."

"Kaa kitini."

Akampiga picha, akaiinua kwenye mwanga. Neva imekufa, mzizi una usaha nchani, jino lenyewe zima. Kazi ya kawaida kabisa: mzizi mmoja, ulionyooka. Kazi aliyoifanya maelfu ya mara.

"Ling'oe," Mama Kapu akasema.

Ganzi alidhani hakusikia vizuri, na safari hii alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nini?"

"Ling'oe tu, daktari. Mimi ni mtu mzima, sina wa kumchekea. Nitaweka la bandia."

"Jino zima la mbele? Kwangu? Watu waseme hata msaidizi wake amemwacha pengo?" Akacheka. "Unaogopa sindano, wewe? Siku zote unawashika wenzako mikono, kumbe mwoga!"

Hakuwa akiogopa sindano. Aliwaza kwenda kliniki nyingine, lakini mji ule hauna siri. Kabla ya adhuhuri ingesemwa kwamba msaidizi wa Ganzi anatibiwa kwingine, na kila mtu angejiuliza anajua nini. Aliwaza kumwambia ukweli, akafungua mdomo, akamwona jinsi alivyosimama na ile picha mkononi, amefurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza angemtendea yeye kitu. Akaufunga. Akamwomba tena amng'oe jino, na tena, mpaka daktari akakasirika. Nikifikiria hapo huwa nashindwa kuendelea na shughuli zangu. Mwanamke alikuwa anagawa jino lake la mbele ili mzee wa watu asijue kwamba hasikii.

Ganzi akampangia alasiri ambayo hakuna wagonjwa wengine. Siku hiyo mambo yote aliyafanya mwenyewe, kwa madaha ya mtu anayemwandalia mgeni. Akapanga vyombo, akavikosea upande, Mama Kapu akajizuia kuinuka avigeuze. Akachukua simu yake na ya msaidizi wake, akazizima, akatoa na betri, akazitia kapuni, akalibeba kapu mpaka chooni mwisho wa korido na kulifungia huko.

"Leo hakuna simu hata moja," akasema akirudi. "Leo utaisikia mashine inavyosema."

Akamchoma ganzi. Akauliza kama imeingia. Akamfunika kinywa kwa kile kitambaa cha mpira kinachoacha jino moja tu nje, akaning'iniza ndoano ya waya pembeni mwa mdomo. Kuanzia hapo Mama Kapu hakuwa na ulimi.

Anasema alisikia kila kitu. Pi. Ganzi anateremsha sindano taratibu, vidole vyake vyepesi kama zamani. Pi, pi. Juu yake aliyaona macho ya daktari nyuma ya miwani, yametulia, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza jirani. Pi-pi-pi. Kisha ule mlio usiopumua.

Mkono wa daktari haukusimama.

Mama Kapu akainua mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo sheria ya kiti kile, amewafundisha mwenyewe wagonjwa wote: ukiumia, inua mkono wa kushoto. Ganzi akasimama.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa, kidogo tu, kwa sababu ya sindano. Akaonyesha mashine kwa kidole.

"Najua," Ganzi akasema. "Imenyamaza. Na mimi nashangaa."

Mashine ilikuwa inapiga ukelele. Anasema ingeweza kumwamsha mtu wa duka la rangi.

Ganzi akaiacha sindano palepale, akainuka, akaenda kutafuta simu. Mama Kapu amelala na waya mdomoni akimsikia anavyofanya yale yote aliyokuwa akiyafanya yeye. Alifungua mlango wa baraza. Akainua mito ya viti. Akaenda mpaka chooni, akafungua. Akarudi na kapu mkononi, akazitoa zile simu mbili moja baada ya nyingine, akazigeuza. Matumbo wazi, betri pembeni.

"Zimezimwa," akasema. Hakuwa anamwambia yeye. "Hazina hata betri."

Akabaki amesimama katikati ya chumba, kapu limemning'inia mkononi. Mama Kapu hakuweza kuvumilia kumwangalia. Akanyoosha mkono, akamshika kiganja, akamvuta mpaka kwenye ile meza ndogo, akaubonyeza ule mkono wenye vidole vyembamba juu ya mashine, mahali sauti inapotokea.

Mashine ilikuwa inatetemeka.

Hakuuondoa mkono. Aliuacha pale muda mrefu, halafu kwa mkono wake mwingine akaitoa sindano kidogo kwenye mzizi, na mtetemo ukawa wa kudonadona. Akairudisha, ukawa mfululizo. Akafanya hivyo tena. Mikono yake ilikuwa ikiuliza, na ilijibiwa kila mara. Mwishowe akakaa kwenye kile kistuli chake cha magurudumu.

"Tangu lini?" akauliza.

Mama Kapu mdomo umefunikwa. Akaonyesha kapu.

Ganzi akaliangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Kapu kuelekea masikioni, kama yanavyomtoka mtu aliyelala chali, na hakuna wa kumfuta. Anasema alikuwa anangoja moja kati ya mawili: ama amfokee, ama aivue barakoa yake na kuondoka asirudi tena. Angeona afadhali amfokee.

Ganzi akavua glovu, akanawa mikono, akavaa nyingine. Alinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akarudi kistulini, akakisogeza karibu. Akauchukua mkono wa kushoto wa msaidizi wake, ule wa kuinua mtu akiumia, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Gonga," akasema. "Inavyolia, wewe gonga."

Akashika sindano. Mama Kapu akasikiliza, akagonga. Polepole. Kisha haraka haraka. Kisha akambana goti kwa nguvu zote, na mkono wa daktari ukasimama mahali palepale mzizi unapoishia.

Kesho yake kapu halikuwepo mlangoni. Mgonjwa wa kwanza, mama mmoja muuza mitumba, alifika na simu yake ameishika tayari kuitoa, akakosa pa kuiweka. Ganzi akamkalisha na kumwambia kabla hata ya kuuliza kuhusu ganzi: "Mimi mashine hii siisikii. Huyu sista ndiye anayeisikia. Akiniambia simama, nasimama. Ukiona hufai, kuna daktari mwingine karibu na posta, ni mtu mzuri."

Yule mama akafikiri. "Mimi nasikia sana," akasema, "na siwezi kutibu hata jino moja. Endelea tu."

Wapo walioondoka, nao si watu wa kulaumiwa. Wengi tulibaki. Tukarudi na simu zetu mifukoni, zikawa zinalia ovyo barazani, na mashine ikaendelea kupima kama kawaida yake, na Mama Kapu akawa anasema wazi "bado, bado, simama" mbele ya kila mtu. Hakuna aliyeacha kumsemesha Ganzi. Mwenye gereji ndiye pekee aliyedai kuombwa radhi, kwa ajili ya kiatu, akaombwa.

Jino lenyewe lilizibwa wiki iliyofuata. Ganzi alilisugua mpaka likalingana na wenzake, akainua taa, akasogeza kistuli nyuma kidogo.

"Cheka nilione," akasema.

Mama Kapu hakuwa mtu wa kucheka kwa kuamrishwa. Ikabidi Ganzi angoje. Kisha kikamtoka, kicheko kizima, meno yote nje.

Ganzi akaliangalia lile jino kwa muda, lilivyokaa mahali pake.

"Na ulitaka niling'oe," akasema, na akageuka kuzima taa ili asionekane anavyofuta miwani.